Droo ya Chini

3 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimefika, nimepata kazi, na tayari nimeanza kuichoka. Usiseme sijabadilika, zamani nilikuwa nachoka kabla hata ya kuipata.

Ni kiwanda cha viberiti. Nasimama kando ya mkanda unaopitisha njiti, natoa zilizopinda, zilizopasuka na zenye kifundo. Baba angecheka hadi akohoe. Yeye amemaliza umri wake akisaka mbao ngumu, nzito, zisizoliwa na mdudu, na hapa watu wazima wenye miwani wanasaka mti laini, mweupe, usio na tabia yoyote. Wamenieleza sababu, au tuseme walikuwa wanaelezana nami nikatega sikio. Njiti ya mti mgumu inakataa kushika moto, halafu inavunjika kwa hasira na kichwa kinarukia shati. Ya mti laini wenye nyuzi zilizonyooka inawaka kwa adabu kutoka kichwani hadi kidoleni. Wanaichovya kwenye nta ili moto usikate tamaa katikati. Hiyo ndiyo elimu yote ya humu, na nimeimaliza.

Sasa lililonishikisha kalamu. Mvua zimeanza huko? Sheria ya Baba unaijua, lakini hebu niiandike, maana ikiandikwa inachekesha zaidi. Anayetaka benchi lake la useremala, na karakana pamoja nalo, atengeneze kabati la droo nne, mbao tupu, bila msumari hata mmoja. Aliweke dirishani, aliache lipitie kiangazi na masika. Mvua zikikatika, Baba anavuta kila droo kwa kidole kimoja mbele ya majirani. Zikija zote, benchi limepata mwenyewe. Ikigoma hata moja, mtu arudi kufagia maranda. Babu alimpima yeye hivyo, naye ananipima mimi hivyo, na kabati langu liko hapo dirishani wakati mwenyewe nimepewa ruhusa ya kwenda kufungua macho.

Basi niambie droo zinasemaje. Hasa ya chini. Usinifiche kitu.

Mdogo wako


21 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mvua zimeanza, na Baba ameanza nazo. Kila asubuhi analizunguka kabati lako, mikono mgongoni, kama daktari anayemwogopa mgonjwa wake. Haligusi, sheria ni sheria. Analinusa, kisha anakuja kunikosoa mimi.

Karakana iko vilevile ulivyoiacha, isipokuwa sasa nasikia ninachofikiri. Juzi alikuja bwana mmoja anataka kitanda cha mtiki. Nikamweleza kwamba mtiki una mafuta yake ndani, maji yanateleza juu yake na wadudu hawaupendi, lakini mbao ya namna hiyo haiokotwi. Akasema basi afanyiwe cha msonobari ila kiitwe cha mtiki. Baba akatoka nyuma akamwambia, "Bwana, hata mimi nikikuita kijana hutaacha kukohoa." Akaondoka. Baba anafukuza wateja kwa raha sana siku hizi, kwa sababu mimi ndiye ninayewakimbilia hadi barabarani.

Wewe anakusifu. Kila anayeingia lazima aonyeshwe kabati. "La kijana wangu hilo. Tazama droo ya chini ilivyokaa, huwezi kupitisha hata karatasi." Kweli, kiangazi chote ile ilikuwa nzuri kuliko wenzake. Akimaliza kukusifu ananigeukia: "Gundi inapoa hiyo, umesimama tu."

Droo zako zimetulia. Lala usingizi.

Dada yako

Nyongeza: ubao wa ile droo ya chini uliutoa wapi? Nauliza tu, kwa kujifunza.


11 Aprili

Dada,

Viberiti nimeviacha. Mkuu wetu aliniuliza kwa nini, nikamwambia miguu inawasha. Akaniangalia miguu.

Sasa niko kwenye kalamu za risasi. Hapa mti ni mwerezi, na jumba zima linanukia kama sanduku la nguo za bibi harusi. Ni kazi ya ajabu kidogo. Wanachukua kibao chembamba, wanakichimba mifereji, wanalaza risasi ndani yake, wanafunika na kibao kingine kwa gundi, kisha wanakata mstari kwa mstari. Nilidhani wanamwaga risasi kwenye tundu, kama wewe ulivyodhani, usibishe. Mwerezi wanaupenda kwa sababu unakubali kisu. Mtoto wa shule, kwa wembe butu, akichonga vibaya, kutoka upande wowote, mti unamvumilia. Mvule ungemkata vidole. Nimefikiri sana juu ya hilo nikiwa mashineni, na mashine ikanikumbusha kwamba sikuajiriwa kufikiri.

Umeniuliza ubao. Ni ule msonobari mpana niliouanika juu ya bati, uliniona. Ulikaukia pale jua lote la kiangazi hadi ukiugonga unalia kama bati lenyewe. Nikaukata ukiwa hivyohivyo, nikaubana ndani ya kabati bila kuuachia nafasi. Labda niliubana kupita kiasi. Labda ilifaa niuache upumue.

Ikigoma, Dada, usihangaike nayo. Nakuomba. Iache igome. Mwache Baba aivute mwenyewe mbele ya watu, na litakalotokea litokee. Mimi nitavumilia, nina moyo mkubwa kuliko unavyodhani.

Mdogo wako


30 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako imenitia uchungu, hasa hapo pa moyo mkubwa. Basi ngoja nikwambie, maana nilikudanganya. Droo zako hazikutulia. Tatu zilitulia.

Ile ya chini ilianza kukaza mvua zilipoanza, na wiki ya pili ikashika kana kwamba imeota mizizi pale. Baba alipokwenda kumwangalia Shangazi, ambaye bado anaumwa mguu uleule na bado anautembelea mji mzima kuusimulia, nikaweka kisigino kwenye kabati nikavuta. Nilianguka nayo. Jirani akachungulia akauliza kama kuna usalama. Nikamwambia ni mazoezi.

Mbao haina kosa. Mbao iliyokaushwa kama mkaa ikikutana na hewa ya masika inakunywa, na ikinywa inanenepa kwa upana, urefu unabaki uleule. Hayo uliyajua kabla hujaota ndevu. Kwa hiyo najua kilichotokea: haraka. Ulilitaka hilo benchi mpaka ukashindwa kungoja mbao ikauke kivulini kama mbao za watu. Sikucheki. Mimi mwenyewe ningeharakisha.

Uso wa mbele nimeubakisha, nimeupunguza tu kwa randa pembeni. Mbavu, mgongo na kitako nimefanya upya kutoka kwenye ubao wangu wa mvule. Ndiyo, ule wa juu ya boriti. Usiniulize nilikuwa nimeuweka kwa ajili ya nini, unajua, na sasa hauko tena kwa hiyo tuache. Umepita masika mengi kule juu na hauna tena jipya la kufanya. Nimeuachia nafasi unene wa ukucha, pembe nimezikata meno yanayoumana, na inateleza hadi naona haya.

Baba aliporudi nilikuwa nimekwisha fagia. Akasimama mlangoni.

"Harufu ya mvule inatoka wapi?"

"Stuli ya jirani."

Akanusa tena. "Stuli haihitaji mvule."

"Jirani ni mnene, Baba."

Akakubali. Basi usihangaike. Benchi ni lako, alama yako ya penseli bado iko nyuma ya ule uso wa mbele. Ukishalipata, uniachie ile kona yenye mwanga. Hilo tu.

Dada yako


10 Mei

Dada,

Nimeisoma barua yako nimesimama, nimeketi, nimesimama tena. Mwenzangu wa chumbani ananiuliza nani kafa.

Irudishe ile droo mbovu. Leo, kabla Baba hajavuta. Kama umeitia jikoni, tengeneza nyingine mbovu, unaweza, wewe unaweza chochote.

Sikuwa na haraka. Nilifanya kwa makusudi. Nilichagua ubao mpana kuliko wote kwa sababu ndio unaonenepa kuliko wote. Niliuanika juani makusudi, nikaubana makusudi, na Baba alipousifu kiangazi nilikwenda nje kucheka halafu nikajisikia vibaya. Nilichagua ya chini kwa sababu Baba anaanza juu. Nilitaka apate tatu za kumfurahisha kwanza.

Benchi silitaki. Nilijaribu kumwambia mara mbili. Ya kwanza akasema nitazoea. Ya pili akanipa msumeno niunoe. Unanijua, nikisimama mahali pamoja mpaka gundi ikauke naanza kuhesabu misumari ukutani. Lakini kijana akisimama mbele yake, Baba haoni aliye nyuma ya kijana. Nikafikiri: nikishindwa hadharani, na majirani wakiona, atabaki nani? Atabaki wewe, ambaye ndiye unayefanya kazi yote hata sasa. Ingekuja yenyewe, bila mtu kugombana na mtu. Niliona nimepanga vizuri. Kumbe niliyemsahau kwenye mpango ni wewe, na ubao wako wa mvule.

Nijibu haraka. Irudishe.

Mdogo wako


12 Mei

Kwa kijana wangu,

Salamu nyingi. Hali yangu ni njema, ya nyumbani pia ni njema, khofu ni juu yako uliye mbali.

Baada ya salamu, nakuarifu kuwa mvua zimekatika mapema mwaka huu na jana nimelipima kabati. Walikuwepo majirani wa pande zote mbili, na Shangazi yako pamoja na mguu wake. Nilivuta kwa kidole cha shahada. Ya kwanza ilikuja. Ya pili ilikuja. Ya tatu ilisita kidogo lakini ilikuja. Ya nne, ya chini, niliivuta kwa kidole kidogo, na ilikuja kama imepakwa mafuta. Katika maisha yangu sijavuta droo kama ile, na mimi nimevuta nyingi. Shangazi yako alilia, ingawa huenda ni mguu.

Kwa hiyo benchi ni lako. Nimekwisha watangazia watu. Rudi kabla mwezi haujaisha. Tumepewa milango na madirisha ya zahanati mpya, na nakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu: mikono yangu imeanza kutetemeka. Randa inaruka. Patasi naishika kama kijiko. Sitaki watu waone, na nikimkabidhi mtu kabla hawajaona itakuwa nimestaafu, si kwamba nimeshindwa.

Dada yako atakusaidia kama anavyonisaidia mimi. Ni mkono mzuri.

Baba yako


22 Mei

Mdogo wangu,

Barua yako ilifika siku kadhaa baada ya kidole kidogo cha Baba. Sasa tujihesabu. Wewe umeharibu droo kwa kunipenda, mimi nimeitengeneza kwa kukupenda, na Baba amempa benchi mtu asiyelitaka kwa sababu ya kazi ya mtu ambaye hajaombwa. Nikiisimulia mahali watadhani nimelewa gundi.

Nilikuwa nimesimama pale nimeshika sinia la vikombe. Alipoivuta ile ya chini, akairudisha, akaivuta tena, polepole, akapitisha dole gumba kwenye pembe. Akasema, "Huyu kijana ana mkono." Nusura niangushe vikombe. Sijawahi kusikia akisema hivyo juu ya kitu changu, na siku aliposema nilikuwa napita na chai.

Nimekukasirikia kwa jambo moja, na nitalisema halafu tuliache. Ulitaka nipewe benchi kama chakula kilichobaki baada ya mwenye nyumba kusema ameshiba. Hukuniuliza. Baba naye hakuniuliza. Na mimi, tuseme kweli, nilikaa na ubao juu ya boriti mwaka baada ya mwaka nikingoja mtu aangalie juu aulize, "Ule wa nini?" nimjibu ni wa kabati langu.

Usimwandikie. Usije pia. Barua yako ikitangulia, nitakuwa msichana aliyeombewa na mdogo wake, na benchi la kuombewa linayumba. Nitamwambia mwenyewe. Leo hapana, leo amefurahi na anapiga mluzi. Kesho labda. Nimeshasema kesho mara nyingi juma hili.

Dada yako


6 Juni

Dada,

Kimya chako kinanitoboa. Mwezi umeisha, mwingine umeanza, Baba aliniambia nirudi na sijarudi, na hakuna aliyeandika neno. Nimefunga mkoba nikaufungua, nimeufunga tena. Shati langu zuri sasa lina mikunjo ya kuendana na mawazo yangu.

Kalamu nimeziacha. Niko kwenye kiwanda cha plaiwudi, na hapa angalau kuna kitu cha kutazama. Wanachemsha gogo zima kwa mvuke hadi linalegea, wanalizungusha mbele ya wembe mrefu kama mlango, na gogo linamenywa kama viazi, ganda moja lisiloisha. Halafu magamba yanalazwa moja juu ya jingine kwa gundi, lakini kila moja limegeuzwa, nyuzi za hili zinakwenda huku, za linalofuata zinakwenda kule. Ndiyo maana plaiwudi haivimbi ovyo. Kila ganda linataka kutanuka na jirani yake anamzuia. Msimamizi wetu anasema mti mmoja mmoja ni mkaidi, ukiubandikia mkaidi mwenzake wote wanatulia. Nikafikiri nyumbani kwetu. Kwetu wote nyuzi zetu zinakwenda upande mmoja, ndiyo maana hakuna anayemzuia mwenzake.

Umemwambia? Amesemaje? Mikono yake, umeiona? Aliniandikia habari zake na kusema hataki watu waone, kwa hiyo sasa nakwambia. Nikikumbuka hilo nataka kuja mbio. Halafu nakumbuka benchi, nakaa.

Andika hata neno moja. Hata tusi.

Mdogo wako


20 Juni

Mdogo wangu,

Hutapata tusi, nimeyamaliza yote kwa wengine. Kaa kitako, hii ni ndefu.

Mikono yake niliiona kabla yako. Kwa nini unadhani nilianza kumaliza mimi kila kitu alichoanza yeye? Anaanza, naweka kikombe cha chai karibu naye, anakwenda kunywa, akirudi imekwisha. Hatujawahi kulizungumzia. Ni jambo zuri kuliko yote tunayofanya pamoja.

Nilimwambia Jumatatu, asubuhi, akiwa anauliza kwa mara ya mia mbona huji. Nilichomoa droo ya chini nikaiweka juu ya benchi mbele yake, kitako juu.

"Hii si yake, Baba. Uso wa mbele ni wake. Iliyobaki ni yangu."

Akaigeuza. Akaigeuza tena. Vidole vilikuwa vinagonga mbao, akavificha mfukoni.

"Jirani mnene," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Kwa hiyo umenidanganya mbele za watu."

"Watu hawakuvuta. Ulivuta wewe."

Hapo nikaona nimepita kiasi, lakini maneno yakishatoka huwezi kuyaita yarudi. Nikamweleza yote, la kwako pia, la bati na ubao mpana. Gundi ikaanza kuungua jikoni na hakuna aliyeisogeza. Kisha akasema, "Basi mmeanguka wote wawili. Yeye kwa uvivu wa kusema, wewe kwa ujanja. Benchi litakaa bila mtu."

"Nipime mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Nalitaka. Sijawahi kukwambia, nakwambia sasa."

Nakuapia hilo lilikuwa zito kuliko gogo lolote nililowahi kunyanyua. Akatazama dirishani.

"Tengeneza kabati lako basi. Kiangazi, na masika. Nitalivuta mwakani."

"Mikono yako itangoja mwakani?"

Hatukuwahi kulitaja hilo, nami nikalitaja. Akasimama akachukua koti lake. Nilidhani anakwenda kwa Shangazi kunishtaki. Nikasema haraka kabla hajafika mlangoni: "Kama shida ni mvua, Baba, kazi zangu zimekwisha nyeshewa. Zimejaa mtaa huu. Twende tukazivute."

Akasimama pale ameshika koti, mkono mmoja ndani. Halafu akaniambia, "Ongoza."

Tulianza kwa mwuza dawa, zile droo ndogo ndogo za ukutani. Yeye alidhani tumetumwa kumkagua, akaanza kutusomea tarehe za dawa bila kuulizwa. Baba hakumsikiliza. Alivuta moja baada ya nyingine, kwa kidole cha shahada, mstari wa juu hadi wa chini, na mwuza dawa anasema, "Hiyo ni ya kikohozi, mzee, hiyo ni ya minyoo." Zote zilikuja. Baba akasema, "Mbao ya mkongo?" Nikasema, "Mkongo." Tukatoka.

Kwa fundi cherehani kuna lile kabati refu la mlango.

"Mzee, humo mna nguo za watu," fundi akasema. "Zinakuhusu nini?"

"Nguo hazinihusu. Nani alitengeneza hili?"

"Si wewe?"

"Nakuuliza."

Fundi akautoa uzi mdomoni. "Alilileta binti yako, akalifunga binti yako, bawaba ilipolia nikamlalamikia binti yako. Lakini watu wakiniuliza nasema ni la kwako. Jina la mlangoni kwenu si ndilo lako?"

Baba akafungua, akafunga. Halikutoa sauti. Nilimwona anasikiliza, ile namna yake ya kuinamisha kichwa, na mara ya kwanza siku hiyo sikujua anafikiri nini.

Saluni nilitaka tuipite. Akauona mlango, akasema, "Na huu?" Sikuwa na pa kukimbilia. Akausukuma kwa kidole. Ukagoma. Akausukuma kwa kiganja. Ukagoma vilevile.

"Umegoma," akasema, na usimwambie, lakini alifurahi.

"Umegoma, Baba."

"Mbao gani?"

"Mkaratusi."

"Mbichi?"

"Ulikuwa bado unatoa maji."

Unaujua mkaratusi, una nguvu za kubeba daraja, lakini ukiuharakisha unajikunja kama mtu anayeumwa tumbo. Akaniuliza nani alikubali mkaratusi mbichi uingie mlangoni. Nikamwambia ni yeye, alisema tumalize juma lilelile na tusibishane.

"Na wewe hukubisha."

"Sikubisha. Hilo ndilo kosa langu kwenye mlango huu."

Alinitazama, yaani mimi, si mlango. Kutoka ndani mama wa saluni akapaza sauti: "Mkimaliza kesi yenu mnifungulie, nina mtu na dawa kichwani." Tukausukuma kwa bega, sote wawili, ukafunguka na kutumwaga ndani. Jioni nilirudi na randa nikautengeneza. Baba alikuja kunishikia upande wa chini, mikono miwili, na mlango ulipokuwa unatetemeka kidogo niliusingizia upepo.

Zilibaki nyingine nyingi. Alizivuta zote, siku mbili mfululizo, hadi watu wakaanza kumfungulia kabla hajabisha. Lakini hukumu hakutoa. Nyumbani alikula, akalala. Siku iliyofuata hakusema kitu, wala iliyofuata. Mimi nilikuwa natembea karakana nzima kama kuku anayetafuta pa kutagia, nashika patasi, naiweka, naishika. Nikaanza kupima milango ya zahanati, maana zahanati haitungoji tupatane. Hakunizuia. Hakunisaidia. Ndiyo maana sikukuandikia, sikuwa na la kuandika.

Leo asubuhi nikasema nikuandikie hivyohivyo, bila mwisho. Nimeketi chumba cha ndani, dirisha liko wazi. Kuhusu kuja, njoo ukitutamani, tutakusalimia vizuri, na Baba atakugombeza kwa ule ubao wa bati mpaka ushibe. Lakini usikiache hicho kiwanda kwa ajili yetu. Kiache kwa sababu zako za kawaida.

Nilikuwa hapo niliposikia lori linaingia uani. Ni mbao za zahanati. Nadhani unakumbuka lori likija inakuwaje: Baba anapanda juu, anaugonga kila ubao, huu ndiyo, huu rudisha, na sisi wengine chini tunabeba tu. Hajawahi kumwachia mtu kuchagua, hata alipokuwa na homa. Nimeinuka nimtazame. Amekaa juu ya gogo kando ya ukuta, mikono mfukoni.

Dereva ameshuka. "Mzee, unapanda au nishushe?"

"Mimi sichagui," Baba amesema. "Muulize mwenye benchi. Yumo ndani, anaandika barua."

Dereva amesema hana siku nzima, ameanza kutupa chini mwenyewe. Lazima niende. Ubao wa kwanza umeanguka sasa hivi, na hata kwa kuusikia tu huo si mkavu. Baba ameusikia pia, nimemwona ameinua kichwa. Hajainuka. Anatazama mlango, anangoja nitoke niukatae.

Dada yako